Chaneli inayosubiri kuitwa: namna kampuni za kebo zinavyoamua kipi kikufikie

Wengi hapa Lubumbashi tunaamini kwamba kampuni ya televisheni ina swichi kwa kila nyumba: ukilipa wanakufungulia chaneli, usipolipa wanakukatia. Kwa dishi za setilaiti, zilizojaa kwenye mapaa kuanzia Katuba hadi Golf, mambo hayaendi hivyo kabisa. Kwa kebo za Marekani, kuanzia katikati ya miaka ya 2000, swichi inayofanana na hiyo, ya mtaa mzima badala ya nyumba moja, ilikuja kuwepo kweli, ila haikuwekwa kwa ajili ya wasiolipa. Iliwekwa kwa sababu waya ulijaa. Namna mafundi wa huko walivyochagua chaneli za kuwekwa kwenye swichi hiyo inafaa tuielewe na sisi, maana fiber, yaani waya wa kioo unaobeba mwanga, imeanza kuingia katika miji yetu na hesabu zile zile zinakuja nayo.

Tuanze na waya wenyewe. Kebo ya televisheni ya Marekani imegawanywa katika vipande vya masafa, kila kimoja kikiwa na upana wa megahezi 6. Mtandao wa megahezi 750, uliokuwa wa kawaida sana kwao, huanza kupeleka picha kwenye megahezi 54, kwa hiyo una vipande kama 116. Enzi za analojia chaneli moja ilikula kipande kizima, na chaneli 70 au 80 za namna hiyo zilijaza kebo hadi karibu na megahezi 550. Zilibaki megahezi 200, yaani vipande 33. Dijitali ilipofika, kipande kimoja kiliweza kubeba megabiti 38.8 kwa sekunde: chaneli 10 hivi za picha ya kawaida, au 2 hadi 3 za HD kwa MPEG-2, namna ya kubana picha iliyotumika wakati huo. Ndani ya vipande hivyo hivyo ilibidi ipite intaneti ya wateja, na filamu ambazo mtu anaagiza peke yake. Wateja walipoanza kudai HD kwa kila kitu, nafasi ikaisha.

Kampuni zilikuwa na njia kadhaa. Moja ni kuchimba na kutandika upya, kazi ya gharama kubwa. Nyingine ni kuua analojia na kuwapa wateja vidude vya kubadilisha mawimbi, na Comcast ilielemea huko. Time Warner Cable ilishika njia ya tatu. Iliijaribu Austin, Texas, kwa mitambo ya kampuni iitwayo BigBand Networks, na wazo lake lilikuwa hili: kwa nini tunapeleka kila chaneli kwenye kila mtaa, saa 24, hata pale ambapo hakuna jicho hata moja linaloitazama?

Mwenye ukumbi wa video wa Katuba analijua swali hili vizuri. Ana skrini tatu, lakini mechi za Jumamosi ni nane. Skrini ya kwanza haijadiliwi, ni ya mechi kubwa. Mbili zilizobaki anaziacha zisubiri: wakiingia vijana sita wanaotaka mechi fulani, anaiweka, wakiondoka, anaweka nyingine. Ubaoni ameandika mechi zote nane, na hadanganyi, kwa sababu yoyote kati ya hizo inaweza kuonyeshwa. Hawezi tu kuzionyesha zote kwa pamoja.

Kwenye kebo kazi hiyo hufanywa na seva. Kutoka kituo kikuu, fiber hufika mtaani kwenye kisanduku kinachoitwa nodi, na hapo waya wa shaba hutawanyika kwenda nyumba mia kadhaa, pengine zaidi ya elfu. Nyumba hizo ndizo kundi moja. Ukibonyeza namba ya chaneli, dekoda hutuma ujumbe mdogo kurudi juu kupitia waya ule ule. Seva huangalia daftari lake: je, katika kundi hili chaneli hiyo tayari inapita? Ikiwa inapita, dekoda yako huambiwa ipo kwenye masafa gani, nawe unajiunga na jirani bila yeye kujua. Ikiwa haipiti, seva hutafuta nafasi iliyo wazi, huagiza mtambo wa kurusha uimimine chaneli pale, kisha huijibu dekoda. Mambo yakienda sawa, mtazamaji hahisi tofauti yoyote na kubadilisha chaneli kwa kawaida. Mtazamaji wa mwisho akiondoka, chaneli haifutwi papo hapo. Huachwa iendelee kupita mpaka nafasi yake itakapohitajika, kwa sababu mara nyingi mtu hurudi alikotoka.

Sasa, chaneli zipi zinapita muda wote na zipi zinasubiri kuitwa? Wengi hujibu haraka kwamba zinazopendwa ndizo zinazobaki. Ni kweli, lakini sababu yake hueleweka vibaya. Chaneli inayopendwa haipewi nafasi ya kudumu kama zawadi. Inaachwa pale kwa kuwa ukiiweka kwenye swichi huokoi chochote: katika kila kundi, karibu saa yoyote, yupo mtu anayeitazama, na nafasi yake haiwi wazi hata dakika moja. Utakuwa umeiongezea seva kazi bure. Uokoaji upo kwenye chaneli ambayo, tuseme, katika makundi kumi ni moja tu ndilo lenye mtu anayeitaka kwa sasa. Katika makundi tisa nafasi hiyo inahudumia watu wengine. Kwa hiyo fundi hapimi uzuri wa chaneli, wala hata idadi ya wapenzi wake nchi nzima. Anapima uwezekano kwamba katika mtaa huu, sasa hivi, hakuna hata mmoja anayeitazama.

Dekoda zenyewe ndizo zinazotoa ushahidi. Kwa kuwa zina njia ya kurudisha ujumbe, kampuni hujua kila nyumba ilifungua nini na kwa muda gani. Ukizipanga chaneli kwa saa zilizotazamwa, picha huwa ile ile: chache za juu zinachukua sehemu kubwa ya saa zote, kisha mstari unashuka kwa kasi na kubaki mkia mrefu wa chaneli nyingi zenye watu wachache. Mkia huo si mtupu. Ndimo zilimo chaneli za Kivietinamu, Kihindi na Kipolandi, mahubiri ya madhehebu madogo, na michezo isiyo na kelele. Katika mji mmoja wa Marekani mtaa mmoja unaweza kuwa na Wavietinamu wengi, na mtaa wa ng'ambo ya pili usiwe na hata familia moja. Zamani ofisi kuu ililazimika kuamua: tuipeleke chaneli hiyo mji mzima, au tusiipeleke kabisa? Kwa swichi, kila mtaa unachukua cha kwake, na hakuna bosi anayekaa mezani kuamua kwamba lugha fulani haistahili. Mimi naona hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika mfumo huu, ingawa waliouleta walikuwa wanatafuta megahezi tu.

Kigezo kingine ni uzito. Chaneli ya HD yenye watu wachache ndiyo ya kwanza kuwekwa kwenye orodha ya kuitwa, kwa kuwa kuiondoa tu kunafungua nusu au theluthi ya kipande kizima. Tabia ya vidole nayo inahesabiwa: chaneli iliyo jirani na namba inayopendwa sana hupitiwa na watu wengi wanaobonyeza kupanda na kushuka, kila mmoja kwa sekunde chache, na kila mpito ni ombi jipya kwa seva. Kisha kuna mambo yasiyotoka kwa mafundi. Sheria ya kebo ya mwaka 1992 inazibana kampuni za Marekani kuhusu vituo vya mji husika, mikataba na wenye chaneli inaweza kudai zipite muda wote, na vifaa vya zamani visivyoweza kurudisha ujumbe haviwezi kuomba kitu. Wenye mashine za TiVo, za kurekodi vipindi, waliumia hapo. Mashine zao zilisoma kadi ya kebo vizuri kabisa lakini hazikuwa na mdomo wa kuitia seva, na chaneli za kuitwa hazikufunguka kwao mpaka kilipoletwa kifaa cha ziada cha kuwaombea.

Tuseme orodha ya kuitwa ina chaneli 120 na kundi limetengewa nafasi 60. Je, siku moja wataita 61? Swali hili lina umri wa zaidi ya miaka mia. Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alilishughulikia katika maandishi yake ya mwaka 1909 na 1917: watu wote hawapigi simu kwa wakati mmoja, basi laini ngapi zinatosha ili wanaokosa wawe wachache sana? Hesabu zake bado zinatumika katika mitambo ya mawasiliano ya leo. Ila televisheni ina neema ambayo simu haina. Wapigaji wawili wanahitaji laini mbili. Watazamaji wawili wa chaneli moja wanakula nafasi moja. Hata wakiwa mia tatu, ni nafasi moja.

Hapa ndipo hesabu inapogeuka kinyume cha tunavyodhani. Usiku wa fainali kubwa, tunaodhani mtambo unakaribia kupasuka, kumbe ndio usiku mwepesi: nyumba zote zimejikusanya kwenye chaneli moja na nafasi nyingi zimelala. Mzigo mzito ni Jumapili ya mvua, alasiri. Hakuna mechi, watu wako ndani, baba yuko kwenye habari, watoto kwenye katuni, mama kwenye tamthilia, dada yuko chumbani na muziki, na kila nyumba inataka kitu tofauti na jirani yake. Kinachojaza mtambo ni kutofautiana kwa watazamaji, na wingi wao peke yake haudhuru. Kwa hiyo kundi linapangwa kwa kutazama siku za namna hiyo, wala si siku za mpira.

Nafasi zinapokaribia kuisha, seva huanza kutafuta televisheni zinazoongea peke yake. Dekoda iliyowashwa kwa saa nyingi bila rimoti kuguswa hutumiwa maandishi kwenye skrini: bonyeza kitufe kama bado upo. Asipojibu mtu, nafasi inachukuliwa. Na ikiwa hata hivyo haitoshi, mtu wa 61 huambiwa chaneli haipatikani kwa sasa, na hilo ndilo kampuni inalolikimbia kuliko yote. Dawa yake ni kuligawa kundi: nyumba elfu zikawa mia tano na mia tano, kila nusu ikiwa na nafasi zake 60.

Kwa mji wetu ningeongeza jambo moja ambalo mafundi wa Austin hawakulazimika kulifikiria kila siku, nalo ni umeme. SNEL, shirika letu la umeme, ikikata mtaa mzima wa Kampemba, dekoda mia kadhaa zinazimika bila kuaga. Daftari la seva linabaki limejaa watu ambao hawapo, na ni lazima liwe na namna ya kuzihoji dekoda mara kwa mara na kufuta zisizojibu. Kisha umeme unarudi, na dekoda zote zinaamka katika dakika ile ile na kuomba kwa pamoja. Mfumo wa namna hii ukiletwa hapa bila kupimwa kwa dakika hiyo, utaanguka katika dakika hiyo.

Turudi kwenye mapaa yetu. Setilaiti ya televisheni imekaa kilomita zipatazo 35,786 juu ya ikweta na inamwaga chaneli zake zote juu ya eneo lake lote kwa wakati mmoja. Chaneli usiyoilipia inafika kwenye dishi lako sawasawa na unayoilipia. Inafika imefungwa, na kadi iliyo ndani ya dekoda ndiyo inayopewa au kunyimwa ufunguo. Dishi linasikia tu, halijibu. Ndiyo maana kwenye vibanda vya abonema karibu na soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, utayasikia mazungumzo kama haya:

"Mwanangu, nimelipa tangu asubuhi, na chaneli bado imefungwa."

"Dekoda uliizima, mama?"

"Niliizima. Naogopa umeme usiiunguze."

"Iwashe, mama. Iweke kwenye chaneli moja ya ile buke uliyolipa, kisha usiiguse. Ikipata nusu saa itafunguka."

Kijana huyo anasema kweli. Malipo yako yakipokelewa, ujumbe wenye namba ya kadi yako unapandishwa setilaitini na kushushwa kwa wote, ukirudiwarudiwa kwa muda fulani. Dekoda iliyozimwa haiusikii, na kampuni haina njia ya kujua kama umeupata. Muda wa kurudiarudia ukipita kabla hujaiwasha, itabidi upige simu waurudishe tena.

Kwa kuwa hakuna njia ya kurudi, hakuna pia chaneli ya kuitwa. Kila chaneli iliyo juu inakula nafasi usiku na mchana, itazamwe au isitazamwe, na nafasi hiyo hukodiwa kwa fedha nyingi. Swali la mtaa wa Katuba unataka nini haliwezi hata kuulizwa. Linaloulizwa ni eneo zima linataka nini, nchi nyingi kwa pamoja, na wanaotazamwa kwanza ni wenye fedha na wenye idadi. Chaneli ya mji mmoja inapotea katika hesabu hiyo hata kama mji wake wote unaipenda. Nchi yetu ilishaionja hesabu hii zamani: tarehe 30 Oktoba 1974 Muhammad Ali na George Foreman walipigana Kinshasa karibu saa kumi alfajiri, Wakongo wakiwa wamekesha uwanjani, kwa sababu waliolipia kuona kwa setilaiti walikuwa Marekani na kwao ilikuwa bado usiku. Mwaka uliofuata, tarehe 30 Septemba 1975, HBO, chaneli ya kulipia ya Marekani, ilitumia setilaiti kupeleka pambano la Ali na Frazier kutoka Manila kwa wateja wa kebo, na kuanzia hapo chaneli za kebo za Marekani zikawa za nchi nzima.

Mtu atauliza: mbona dekoda nyingine za dishi zina orodha ya filamu na vipindi vya kuchagua wakati wowote? Zile zina diski ndani. Explora ya DStv, iliyotoka mwaka 2013, ilifanya kazi hivyo: setilaiti inamwaga vipindi, dekoda inavirekodi yenyewe, nawe unachagua katika vilivyokwisha kurekodiwa. Uchaguzi wa kwanza ulishafanywa na kampuni.

Intaneti ndiyo inarudisha ile njia ya kujibu, lakini inaleta ugumu wake. Kwenye programu za kawaida za kutazama kwa simu, kila mtu hupewa mkondo wake. Watu 1,000 wa Lubumbashi wakitazama mechi moja kwa megabiti 5 kila mmoja, ni gigabiti 5 kwa sekunde za picha ile ile. Ile neema ya watazamaji mia tatu kwenye nafasi moja imepotea. Kampuni hujaribu kuirudisha kwa kuweka maghala ya video karibu na watazamaji: Netflix ilitangaza mpango wake wa Open Connect mwaka 2012, na masanduku yake hujazwa saa ambazo watu wamelala, kwa kukisia kitakachotazamwa kesho. Mechi inayoendelea, hata hivyo, huwezi kuijaza usiku uliotangulia. Na kwetu tunaonunua mega za intaneti, gharama imehamia kwa mtazamaji. Saa moja zaidi mbele ya dishi haimwongezei mtu hata faranga. Saa moja zaidi kwenye simu inamaliza mega za wiki.

Ipo njia ya katikati, nayo ndiyo inayofanana na swichi ya Austin. Kampuni ya fiber yenye mtandao wake wenyewe inaweza kutuma mkondo mmoja wa kila chaneli hadi mtaani, na mitambo ya njiani ikaugawa kwa nyumba zilizouomba tu. AT&T, kampuni ya simu ya Marekani, ilianza hivyo mwaka 2006 kwa huduma yake ya U-verse. Katika mtandao wa namna hii kila chaneli ni ya kuitwa, kubwa na ndogo, na chaneli ambayo hakuna anayeitazama haili nafasi yoyote kwenye waya unaoingia nyumbani.

Kwa hiyo kampuni ya dishi ikikiambia kituo cha hapa kwetu, kiwe Mwangaza, kiwe Nyota, kwamba nafasi hakuna, inaweza kuwa inasema kweli tupu: huko juu kila megabiti inakodiwa na kugombewa na miji mingi. Kampuni ya fiber inayochimba mitaro katika barabara zetu ikitoa jibu hilo hilo, lisikubaliwe. Kuongeza chaneli ya Lubumbashi kwenye orodha yake kunahitaji mashine ya kuibana picha, waya kutoka studio hadi kituo chake, na mkataba. Nafasi kwenye waya itatumika jioni ile tu ambapo mtu wa Ruashi atabonyeza namba yake. Wanaosimamia leseni hizi wanaweza kulidai hilo kabla mitaro haijafukiwa, na wenye vituo wanaweza kwenda kulidai wakiwa na hesabu mkononi.